Chaja Inayosikia Mlangoni Tu

Chaja ya zamani ya gari langu ilinichosha. Sheria inataka kila chaja ya nyumbani impe umeme yeyote aliyekaribishwa na mwenye nyumba, na ile yangu haikujua kutofautisha ukarimu na adabu. Nikiwa barazani nakula, jirani yangu Chambo akipita namwambia, "Karibu chakula," kama watu wote wanavyosema. Yeye anajibu, "Asante, nimeshiba," lakini gari lake pale ukutani linaanza kunywa umeme wangu. Asubuhi langu haliwaki.

Nikaenda dukani.

"Nataka isiyosikia," nikamwambia muuzaji.

"Zote zinasikia, mama. Hii inasikia mpaka barabarani, ile mpaka getini, na hii ndogo inasikia mlangoni tu."

"Na nikimkaribisha mtu mlangoni, naye kaja kwa miguu?"

"Inafungulia gari lililo karibu zaidi."

"La Chambo."

"Simjui Chambo, mama."

Nikaguna, nikachukua hiyo ndogo. Mlango wangu angalau naweza kuuchunga. Tangu siku hiyo gari langu linajaa kila usiku, na barazani nasema karibu nipendavyo.

Jana jioni mama yangu mzazi alikuja kutoka Muheza.

"Hodi," akasema.

Nikafungua, nikatabasamu, nikamwashiria kwa mkono aingie. Nyuma yake niliona gari la Chambo, limeegeshwa ukutani kama kawaida. Nikaashiria tena.

"Hodi, mwanangu," akarudia, taratibu.

Akabaki kizingitini na kikapu chake, anasubiri neno.