Sanamu la Mlangoni pa Maximilla

Hakuna aliyethubutu kulishika. Lilikuwa limelazwa juu ya jani la mgomba katikati ya uwanja wa ofisi ya kijiji: uso mweupe, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi, aproni yenye madoa ya damu, na shingoni mkufu wa meno madogo madogo. Meno ya watu, walisema waliokaa mbele. Waliokaa nyuma wakasema ni ya watoto.

Maximilla alikaa peke yake kwenye benchi. Tangu shemeji yake Kipriani, ndugu wa mumewe, alipokuja kumsaidia kurekebisha kizingiti cha mlango, jembe likaibua dude hilo udongoni, hakuna jirani Nyakitonto nzima aliyekubali hata kumwazima kibiriti.

Kipriani alisimama, akanyanyua mkono juu. "Mwenyekiti, namwapia Mungu, tangu nizaliwe sijaona kitu kama hiki. Mwanangu Ange anaumwa tangu mavuno, sasa mnajua kwa nini. Mimi sisemi shemeji aguswe. Aondoke tu."

"Umurozi!" mama mmoja akatema mate. Mchawi. Neno hilo, ukishabandikwa, halibanduki kwa maji wala kwa sabuni.

Aondoke aende wapi? Marehemu mumewe alimwachia nyumba ile na shamba la migomba na kahawa linaloteremka hadi mtoni, basi. Watoto Mungu hakumjalia. Maximilla aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nani kati ya hawa waliokula mihogo yake amemfukia balaa mlangoni? Akawatazama mmoja mmoja. Ndayikunda, jirani yake, aliyegombana naye juu ya mbuzi? Na mwenyekiti Hatungimana, mbona anamkwepa macho?

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa amesikia kuna watu wanadai sura ile waliiona kwenye sinema, akamwita Saady kutoka Kasulu mjini, mwenye banda la video na duka la vikorokoro. Saady akaja kwa pikipiki, kanzu safi, ananukia marashi. Maximilla alimshuku hata kabla hajashuka. Tangu lini mfanyabiashara akafunga duka siku ya gulio kwa ajili ya mjane asiyemjua?

Saady akaliokota sanamu kwa mikono miwili. Watu wakarudi nyuma. Akalikunja goti, likalia tik. Akalinusa, akakwaruza mkufu kwa ukucha, akasoma maandishi chini ya kiatu, kisha akatabasamu. Tabasamu lile halikumpendeza Maximilla hata chembe.

"Huyu ni yule daktari katili wa sinema ya kutisha," alisema. "Ni mwanasesere tu, jamani. Lakini wako watu wanaokusanya hawa, Wazungu, na siku hizi hata matajiri wa Dar. Angalieni, rangi haijabanduka, viungo vyote vinacheza. Hili ni toleo la kwanza. Milioni mbili naipata bila kubishana."

Watu wakaguna. Waliorudi nyuma wakasogea mbele.

"Nalinunua leo hii," Saady aliendelea, "ila namlipa mwenye mali tu. Cha wizi sinunui. Limetoka mlangoni pa bibi huyu, basi ni lake. Bibi, sema ni lako, upokee."

Maximilla akaona anategwa. Kumbe ndiyo hiyo! Aseme ni lake mbele ya kijiji kizima, halafu? Mwanasesere au hirizi, atakuwa amekiri kwamba alilifukia yeye. Akamtazama Saady, akamtazama Kipriani, akawaona wote wawili wameukodolea macho mdomo wake kama paka kwenye tundu la panya. Wamepanga hawa. Milioni mbili! Angeezeka nyumba upya, angekula nyama mpaka achoke.

"Si langu," alisema. "Hata kwa milioni kumi, si langu."

"Fikiri vizuri, bibi."

"Nimeshafikiri. Mpe umtakaye, mimi usinipe."

Saady akashusha pumzi kama mtu aliyekosa biashara. "Basi nalikabidhi kwa mwenyekiti. Bibi akibadili mawazo, hela yake ipo. Hasara kidogo tu: kiganja hiki kina tundu, kuna kitu kilikaa hapa. Kingekuwepo, ningefika milioni tatu." Akaanza kuiendea pikipiki yake.

"Ngoja!" Kipriani alikuwa amesimama, jasho linamtoka. "Ngoja, ndugu yangu. Huyu mama asipewe hata senti. Hilo ni... ni la mwanangu Ange. Litakuwa liliibwa nyumbani kwangu. Na hicho cha mkononi kipo, nimekitunza kwenye kopo. Ni koleo la kung'olea meno. Nakileta sasa hivi!"

Akatimua mbio. Nyuma yake yule mama aliyetema mate akauliza, "Si aliapa hajawahi kuliona?" Ndayikunda akainuka alikokuwa, akaja kuketi kwenye benchi, bega kwa bega na Maximilla.

Kipriani alirudi akihema, ameshika koleo jekundu lisilozidi punje ya muhindi. Saady akalichomeka kwenye kiganja cha sanamu. Likaingia barabara.

"Kweli ni lako," alisema, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokaa nyuma. Kipriani akakinga mikono yote miwili.

Saady akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu moja ya mia tano, akaiweka katikati ya viganja vile. "Ndiyo bei yake dukani kwangu, mzee, nimeuza gunia zima tangu Idi. Zilizobaki kwenye ile milioni tatu mdai mwenyekiti."