Betri Zilizopanda Nguvu

Fundo ndilo lililomfumbua macho Felistus. Kitambaa kilichofunika redio kilifungwa upande wa kushoto, na yeye hufunga kulia.

Redio ilikuwa ya binti yake, Lombe, na tangu walipomlilia aliapa isifunguliwe na mtu yeyote. Lombe alivuka ziwa kutoka Nchelenge kwenda kuuza chumvi Kongo, vita vikamkuta huko, na wachuuzi wawili wakarudi kusema soko alilokuwamo limeteketea. Majirani walikuja, wakaimba nyimbo za kanisa, wakaondoka. Davison, mume wa Felistus, ndiye pekee aliyekataa kukaa matanga bila maiti. Alikwenda zake kuvua, na Felistus hakuwa amemsamehe.

Sasa nani aliyekuwa akijistarehesha na redio ya marehemu?

Jioni hiyo alizitoa betri mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akazipeleka kwa Hippolyte, fundi redio kutoka ng'ambo ya ziwa. Hippolyte alizigusa kwa nyaya za mita yake, nyekundu huku, nyeusi kule.

"Volti moja nukta nne tano," alisoma. "Ingali na nguvu."

Felistus alizirudisha na kufunga fundo kulia. Kesho yake jioni mita ilisema moja nukta tatu nane. Keshokutwa, moja nukta tatu moja. Kwa hiyo mwizi alikuwa akifungua kila siku, yeye Felistus akiwa sokoni akiuza samaki.

Hakuhitaji kwenda kwa mganga kumjua. Kikulacho ki nguoni mwako. Ngalula, mwanamke mkimbizi wa Kongo ambaye Felistus alimhurumia na kumruhusu alale jikoni, alibaki nyumbani kutwa, na mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa. Siku za mwizi ni arobaini, na huyu alikuwa amebakiza chache.

Siku ya nne, Hippolyte alizipima betri mara mbili, akacheka.

"Moja nukta tano nane! Pile, betri hii, inazeekaka kama mutu, mama Lombe. Kurudia kijana, hapana. Hizi ni za mupya. Bwana yako alinunuaka mbili kwangu jana. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Davison, ambaye akiombwa hela ya sabuni huinuka kwenda kutazama nyavu, alikuwa akimnunulia Ngalula betri!

Usiku ule Felistus alilala akimpa mumewe mgongo. Wanaongea nini hao? Kiswahili cha Davison ni cha kuulizia bei ya samaki, na Ngalula hajui Kibemba hata neno. Kisha akakumbuka kwamba yako mambo yasiyohitaji lugha, na wivu ukamkaba mpaka alfajiri.

Asubuhi aliondoka na beseni kichwani kama kawaida. Sokoni alimwachia beseni Agness, jirani yake wa meza, akabaki na kisu cha kupasulia samaki mkononi bila hata kukifikiria. Saa nne alikuwa amerudi. Leo mmoja wao atahama nyumba hii, na wakihama wote wawili, heri.

Mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Aliweka sikio.

"Sogea karibu, baba," Ngalula alikuwa akinong'ona. "Saa imefika."

"Naogopa," alisema Davison.

"Usiogope. Mama iko ku soko."

Felistus aliusukuma mlango kwa bega, ukafunguka na kugonga ukuta.

Walikuwa wamekaa mkekani, vichwa vimegusana, redio katikati yao bila kitambaa. Davison alikuwa amemshika Ngalula kifundo cha mkono kwa nguvu. Walimwona yeye, wakakiona na kisu, na hakuna aliyesogea.

"Davison!" alipiga kelele. "Katika nyumba yangu?"

Ngalula aliinua kidole, akakiweka mdomoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Felistus, akighadhibika kwa ujeuri ule, alipiga hatua mbele, na hapo akaisikia redio. Mwanamume alikuwa akisoma kwa Kiswahili majina ya watu waliopotezana na ndugu zao vitani, moja baada ya jingine, harakaharaka, kama mtu ahesabuye samaki.

"...Lombe, binti ya Davison, wa Nchelenge ku Zambia. Iko Moba ku Kongo, kwa masista. Anauliza kama mama yake Felistus angali muzima."