Uso wa Kuazima

Kitendawili. Mkiitika tega, nawategea: ana nyuso tatu, kila siku ananiuliza mimi ni nani, na kila siku namdanganya.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Nairobi? Haya, nimeupokea, na katika Nairobi yote nachagua nyumba moja tu, pale Jamhuri, chumba cha nyuma. Kuna kompyuta ya Taib, na mbele yake ameketi mamake, Bi Zainab, leso yake kaitandaza nusu ya kioo kama mtu anayefunika chungu wageni wasione kilichomo.

Kompyuta ilikuwa imeuliza swali lake la kawaida: Nani anatazama? Chini ya swali palichorwa nyuso tatu, wa Taib, wa mkewe Safa, na wa mtoto wao Ridhaa. Uso wa Bi Zainab haukuwapo. Akabonyeza wa Safa.

Televisheni haikuwamo nyumba ile. Mumewe, Mzee Abdulfatah, mwalimu wa dini, aliitoa siku walipohamia kutoka Mombasa, akasema sanduku lile na msahafu havilali chini ya paa moja. Bi Zainab alimuunga mkono, tena kwa sauti. Wanawake waliokuja kusoma kwake aliwaambia tamthilia ni mchwa, huila nyumba ndani kwa ndani huku rangi ya ukuta ingali inang'aa.

Kisha Taib akaiunga kompyuta na intaneti, apate mpira wake na katuni za mtoto. Mchana mmoja Bi Zainab aliingia kupangusa vumbi, akamkuta mwanamke mmoja humo ndani akililia kitanda kitupu cha mtoto aliyeibwa. Akakaa aone kama mtoto atapatikana. Hadi leo hajapatikana.

Aliona aibu. Kila akitoka chumbani alitia udhu upya. Tena aliona Mungu anamwonya, maana kila akirudi, hadithi ilikuwa imeruka. Juzi alimwacha mwanamke yule kalazwa hospitali. Jana hakutazama kabisa, alishinda Ngara akimtia hina Afnan, mpwa wake anayeolewa. Leo anafungua, mwanamke yumo gerezani. Bi Zainab akasema moyoni, akili zangu hizi zinaondoka, na ndiyo malipo yangu.

Alipomsikia mumewe akikohoa sebuleni, alizima haraka, akatoka na kitambaa chake cha vumbi. Alasiri chumba kilikuwa cha Mzee. Alifunga mlango, akavaa hedifoni, akasikiliza mawaidha. Kuna siku alitoka macho mekundu, na nyumba nzima ikazidi kumheshimu. Hata dua zake za baada ya chakula zilikuwa zimerefuka. Siku hizi aliwaombea wajane, wagonjwa, wasafiri, na akina mama waliopotezewa watoto. Hapo Bi Zainab huitikia amin akiangalia sahani.

Jioni ile Safa alitaka kumfungulia Ridhaa katuni, kidole kikateleza kwenye uso wake mwenyewe. Akakuta tamthilia asiyoijua, imefika mbali, imewekwa kwa jina lake. Mara moja akamwita Nakhumicha, msichana wa kazi, ambaye ndiye hushinda nyumbani. Sasa akajua kwa nini wali uliungua, na kwa nini nguo zilinyeshewa kambani.

Nakhumicha aliapa kwa mamake aliye Bungoma kwamba hiyo kitu hata kuipangusa anaogopa.

"Mimi nikiangalia kitu nasema, Mama Ridhaa," akasema. "Hata majirani nikiwaangalia kwa dirisha, si huwa nakwambia?"

Safa akamjibu kwamba wali kuungua husamehewa, uongo haupikiki. Akamwambia afungashe, kesho aende kwao.

Bi Zainab alikuwa mlangoni. Alimwona msichana akikunja leso aliyompa yeye mwenyewe siku ya Idi, akiikunja vizuri, kama ya kurudishwa. Je, aseme ni yeye? Mwalimu wa wanawake, mama mkwe wa watu, mwizi wa uso wa mkaza mwana wake. Angewatazamaje tena?

Taib hakupenda mtu afukuzwe kwa dhana. Akawaita wote chumba cha nyuma, hata babake akaja na tasbihi yake mkononi. Kompyuta ikawashwa, nayo ikauliza. Taib akalisoma swali kwa sauti.

"Nani anatazama?"

Nakhumicha alikuwa akilia bila sauti, mkoba umemwegemea mguuni.

"Ni mimi," akasema Bi Zainab.

Safa akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake wa kucheka, akanyamaza. Taib akamshika mamake bega, akamwambia taratibu, "Mama, usimbebee mtu mzigo wake. Hapa inaonyesha imetazamwa hata jana. Na jana wewe ulikuwa Ngara tangu asubuhi, mpaka nikaja kukuchukua."

Bi Zainab akahesabu siku. Ni kweli, jana hakuwapo. Macho yake, bila kuyatuma, yakamwendea Nakhumicha, na kwa mara ya kwanza naye akamshuku. Hapo aibu ikamrudi maradufu, akayainamisha.

Ndipo tasbihi ilipoanguka sakafuni. Mzee Abdulfatah hakuiokota. Alikuwa amevua kofia yake, anaikunja na kuikunjua, na hakumwangalia mwanawe wala mkaza mwana.

"Kumbe ni wewe, Mama Taib," akasema, "unayenipotezea kila siku pale nilipofikia."