Chuma cha Kengele

"Kuanzia leo, klabu ya kompyuta baada ya masomo ni ya kila mtoto, bila ubaguzi!" mwalimu mkuu alitangaza gwarideni, mkono kifuani. Kila mtoto, isipokuwa aliyetumwa maji.

Akello aliendelea kutumwa maji mtoni kila jioni. Alirudi mbio na mtungi wake wa plastiki, akaketi mbele ya kompyuta, na kengele ya kufunga ikagongwa kabla hajamaliza kuandika jina lake.

Jioni moja kengele haikulia. Akello aliandika jina lake, kisha la mama yake, kisha la ng'ombe wao.

Mwalimu wa zamu aliingia akipiga miayo. "Nani ameona chuma cha kugongea kengele? Hata mimi nataka kwenda nyumbani, jameni."

Akello akaanza neno la nne.

Mwalimu aliinua mtungi wa Akello ausogeze mlangoni. Ndani ya maji kitu kikagonga: ko!

"Binti," mwalimu alisema polepole, "siku hizi mto unatoa vyuma?"

Akello alitazama neno la nne, ambalo halijaisha.

"Ni mimi niliyekificha, mwalimu. Lakini tafadhali, usigonge kwanza."