Mtu wa Mbegu

Mwizi alikuwa ameshamfunga mbuzi kamba shingoni alipokaribishwa.

"Afadhali umefika!" alisema mama mwenye nyumba, akijifuta mikono mlangoni mwa banda. "Huyu yuko kwenye joto la kutaka dume tangu asubuhi, na mtu niliyemtegemea hajatokea. Kumbe hata kamba umekuja nayo! Vijana wengine huja mikono mitupu."

Ilikuwa mchana kweupe, saa ambayo mwizi mwenye akili timamu huamini kwamba wenye mbuzi wako kazini. Kukimbia hakukuwezekana, maana mama alikuwa ameujaza mlango wote bila kubakiza hata upenyo wa kuku. Ndipo mwizi alipoelewa, moyo ukimrudia kifuani, kwamba amedhaniwa kuwa mtu wa mbegu: yule fundi anayewapandikiza mbuzi wa maziwa mbegu ya dume la kigeni, bila dume lenyewe kukanyaga uani.

"Shikamoo, mama," alisema. Mwizi ni mwizi, lakini adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Kazi unaijua?"

"Mbuzi nimewashika tangu utotoni."

Hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

"Basi mbane kichwa kwa magoti, umwinue miguu ya nyuma. Juu zaidi. Unaogopa atakupiga kwato?"

Mwizi akainua. Mbuzi akapiga kelele ya kumwita kila jirani. Ndani ya nyumba, mtoto naye akaanza kulia.

"Mjukuu wangu huyo," alisema mama. "Maziwa ya ng'ombe yanamtapisha. Alikuwa anakunywa ya mwenzake na huyu, yule wa sikio lililochanika, wezi wakaja wakamwiba. Huyu naye asiposhika mimba safari hii, mtoto sijui nitampa nini."

Mwizi alilijua sikio lile. Alikuwa amelishika njia nzima hadi kwa muuza nyama.

"Mbegu iliyogandishwa imeshayeyuka," mama aliendelea. "Imo kwenye maji ya vuguvugu, na ikikawia inakufa. Sina nyingine."

Jasho likamtoka mwizi hadi kwenye vidole vya miguu. Angejifanya fundi, mbegu ingeharibika na mtoto angelala njaa. Akisema kweli, watu wa mtaa ule hawakuwa na desturi ya kusubiri polisi. Akainua miguu ya mbuzi juu zaidi, kana kwamba msamaha uko darini. Mtoto akalia tena, safari hii kwa sauti ya kuchoka.

"Mama," alisema, "usiipoteze mbegu yako kwangu. Mimi si mtu wa mbegu. Mimi ni mwizi. Na yule wa sikio, nilimchukua mimi."

Mama hakushtuka. Alikuwa anavaa glavu, kidole baada ya kidole.

"Najua, mwanangu. Mtu wa mbegu ni mimi," alisema, akiutoa mrija wa mbegu majini. "Niliyemkosa ni wa kunishikia miguu ya mbuzi. Hebu kaza mikono. Tukitoka hapa tunakwenda kwa mkuu wa kituo cha polisi. Mbuzi wake nao wako kwenye joto."