Pole, Endelea, Nipo

Siku hizo, daktari wa magonjwa ya akili akihitimu mafunzo ya ualimu na uongozi, namna yake ya kumsikiliza mgonjwa ilipandikizwa kwa wanafunzi wake wote. Daktari Tumpe alihitimu akiwa na alama za juu kuliko wote Mbeya, akapanda cheo hadi ukuu wa hospitali. Katika kliniki zote za mji, madaktari vijana aliowafundisha walilaza shingo kushoto kama yeye, wakanyamaza kidogo, kisha wakasema, "Pole. Endelea, nipo." Wagonjwa walipona, hilo hakuna aliyelibishia.

Kisha mumewe, Ambakisye, akafiwa na mdogo wake. Akakosa usingizi. Asubuhi moja akaenda kliniki ya mtaani, akasikilizwa na daktari kijana mwenye ndevu, akarudi vilevile.

"Mama Sekela," alisema jikoni, Tumpe akimenya ndizi, "nina jambo limenikaa moyoni."

Tumpe akaweka kisu chini. Akalaza shingo kushoto, akanyamaza kidogo.

"Pole," alisema. "Endelea, nipo."

Ambakisye alimtazama.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyoniambia asubuhi yule kijana mwenye ndevu," alisema taratibu. "Mimi nilitaka nimwambie mke wangu."

Ambakisye akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi yeye mwenyewe. Tumpe akatafuta neno jingine la kumwambia. Shingo yake bado ilikuwa imelala kushoto.