Mfuko wa Kitaluni

Mtunza bustani alikuwa amepiga magoti chini ya mjakaranda, mkono umezama udongoni hadi kiwikoni, alipotulia ghafla. Akavuta. Kikatokeza kipande cha plastiki nyeusi.

"Mama, mti huu ulipandwa na mfuko wake wa kitaluni," alisema. "Mizizi imejizungusha humo ndani mpaka imejikaba. Maji ya sabuni mnayasingizia tu."

Mama mkwe, mwenye nyumba hiyo, aliinama kando yake. Mizizi ilikuwa imesokotana kama nywele zilizosahau kitana. Aliupanda yeye mwenyewe, tena mbiombio, asubuhi ya harusi ya mwanawe, wageni wakiwa mlangoni. Majani yalipoanza kupukutika, lawama zote zilimwangukia bibi harusi na maji yake ya kufulia.

"Kwako hakioti kitu," alimwambia siku moja mbele ya mawifi zake. Mtoto wa watu akainamisha kichwa.

Sasa mkwe huyo alikuwa akitoka uani na ndoo ya maji machafu, akizunguka nyumba nzima ili akayamwage mtaroni. Alipoliona shimo, akaitua ndoo.

"Mama, tangu uliponikataza sijamwaga hapo hata tone."

"Najua, mwanangu," alisema mama mkwe, huku akikifumbata kile kipande cha plastiki kiganjani.

Mkwe akamgeukia mtunza bustani. "Mti utapona lakini?"

"Utapona, tukiutoa mfuko wote."

"Mfuko gani?" aliuliza, akimtazama mama mkwe.